Kikohozi cha Kwenye Santuri

Kilichopotea kwanza kilikuwa kikohozi.

Hamim Saadi alikuwa na santuri moja ya fidla na piano, iliyorekodiwa ng'ambo, ukumbini mbele ya watu, miaka ambayo hata marehemu baba yake alikuwa hajazaliwa. Katikati ya wimbo, pale fidla inaposhuka taratibu mpaka msikilizaji anabana pumzi, kuna mtu wa viti vya nyuma anakohoa. Koh! Basi, mara moja tu. Mtu huyo bila shaka alishazikwa zamani, lakini Hamim alimchukia utadhani ni jirani aliyesogeza mpaka wa shamba lake. "Mshenzi," alizoea kusema. "Kapewa kiti, kapewa muziki wa watu waliostaarabika, yeye anatuletea makohozi."

Asubuhi hiyo aliweka santuri, akateremsha sindano, akakunja uso mapema. Fidla ikashuka, ikashuka, ikafika pale pale. Hakuna kitu. Akainua sindano akairudisha nyuma, akasikiliza tena, shingo ameipinda. Kikohozi hakipo. Mtu mwenye akili zake angetoka mle ndani mbio, viatu mkononi. Hamim akatabasamu. "Afadhali," akasema.

Huyo ndiye Hamim, na toka sasa hadi mwisho sitawaomba mumhurumie.

Alikuwa mtoto wa fundi cherehani, mzee Saadi wa pale sokoni Mugumu, mtu mpole aliyeshona kanzu za harusi na kukata sanda za nusu ya mji. Hamim akaenda Dar es Salaam, akafanya kazi ya mitambo redioni, akarudi kwao Serengeti na masikio yaliyomkataa kila mtu. Bongofleva kwake ilikuwa mashine ya kusaga iliyopewa mdomo. Kwaya za Jumapili, mbuzi walionyeshewa. Kasida za kina mama, na mkewe Arafa akiwa mmoja wao, alisema zinampandisha jino. Na yeye mwenyewe je? Yeye alitolewa kwenye kasida za madrasa akiwa mdogo, maalimu akamwambia abaki na kazi ya kubeba mikeka. Toka siku hiyo hajaimba tena, hata bafuni.

Nyuma ya nyumba ya urithi akajenga chumba cha kusikilizia muziki. Kuta mbilimbili, katikati kashindilia pamba za magodoro, mlango wa mninga mnene, dirisha hakuna. Ndani, viti sita vya ngozi vikitazama spika mbili ndefu kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Ukifunga mlango, saa saba ya mchana na saa saba ya usiku ni mamoja, na unasikia damu yako ikitembea shingoni. Mahoteli ya karibu na hifadhi yalimletea wageni jioni, wametoka kuona simba, vumbi limewajaa puani, wakae kwenye viti vile wapate kutulizwa.

Kazi yake hasa ilikuwa kuchagua, na hiyo, nimpe haki yake, aliiweza. Alianza na muziki ule wanaouita ambienti, usio na ngoma wala mwimbaji, sauti za kuelea tu. Wageni wakishatulia aliingiza klasiki. Akamalizia na jazi, saksafoni ya polepole na lile besi kubwa linalopigwa kwa kusimama. Aliweza kushinda siku nzima akiamua wimbo gani ukae jirani na upi, kama mshenga mwenye posa nyingi, na kimya cha kati ya wimbo na wimbo alikipima kuliko muziki wenyewe. Kimya ndicho alichokipenda. Watu aliwavumilia tu. Wageni wakisinzia aliwadharau, wakipiga makofi aliwadharau zaidi, na yule mnunuzi wa dhahabu aliyetoka machimbo ya Kewanja akaulizia rumba, alionyeshwa mlango kabla hajakaa.

Kosa alilifanya spika hizo zilipofika. Wajuzi wa mambo hayo wanasema spika mpya ni ngumu kama kiatu kipya, lazima ilainishwe, na kuilainisha ni kuuacha muziki upige mfululizo, usiku na mchana, pasipo mtu. Basi Hamim akavipanga viti, akachagua muziki wake bora kuliko wote, akawasha, akafunga mlango, akaenda zake kula wali. Wiki nzima muziki ukapigwa mle ndani, viti vimetulia vinatazama mbele.

Arafa hakupendezwa. Mwanzoni kabisa alikuwa ameomba chumba kisomewe dua na kifukizwe ubani, kama wanavyofanya watu wenye chumba kipya. Mumewe akamjibu kwamba moshi unaua mitambo, na mashekhe wenyewe wanakohoa sana.

"Baba Kauthar," Arafa akamuuliza siku moja akiwa na ndoo mkononi, "unampigia nani muziki humo?"

"Viti."

"Viti havisikii."

"Ndiyo maana navipenda kuliko nyie."

Baada ya wiki hiyo ndipo kikohozi kikapotea. Kisha ikapotea pumzi ya mpiga saksafoni, ile anayoivuta puani kabla ya kuanza. Kikapotea kilio cha kiti cha mpiga piano. Ikapotea hata ile chwachwa ndogo ya vumbi kwenye santuri. Hamim hakujiuliza vimekwenda wapi. Alijisifu. Aliwaambia watu wa mahoteli kwamba chumba chake sasa kinasafisha muziki, na wao, ambao hawakujua saksafoni wala filimbi, waliitikia kwa vichwa.

Vitu viwili tu vilimsumbua kidogo. Kiti cha katikati, hata asubuhi kabla hajaingia mtu, kilikuwa na joto, na ngozi yake imebonyea. Na chumba kilianza kunuka bafta mpya. Harufu hiyo aliijua toka utotoni, baba yake akifungua jora kumkatia mtu sanda. Akanunua dawa ya kupuliza yenye harufu ya limau, akapulizia, na kwa muda chumba kikanuka limau na sanda.

Halafu mambo yakatoka nje ya chumba. Geti lililokuwa likilia kila likifunguliwa, ambalo Hamim alilitukana kila siku asilipake mafuta, likanyamaza. Ndara za Arafa, ambazo alisema zinapiga kofi sakafu kama zinaidai, zikanyamaza, na mwanamke akawa anatokea nyuma ya mtu ghafla hadi mwenyewe anajiogopa. Jogoo alipanda ukutani alfajiri, akanyoosha shingo, akafungua mdomo, mabawa yakatikisika, na hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Akashuka, akaenda kujificha chini ya toroli, na hakutaka kula siku nzima.

"Hamna kitu hapo," Hamim akasema. "Jogoo kapata adabu."

"Baba Kauthar, mimi naogopa."

"Ogopa polepole. Wageni wanakuja saa kumi."

Maziwa ya nyumba hiyo yaliletwa na Werema, mfugaji kutoka Mbalibali, mtu mrefu mwenye pikipiki iliyochoka na kicheko kikubwa. Siku hiyo alikuwa na harusi ya kwenda, na mgongoni amebeba litungu, lile zeze kubwa la Wakurya lenye sauti ya tumboni. Akakaa barazani kusubiri kidumu chake, akaanza kupiga kujipasha moto vidole. Wageni walikuwa ndiyo kwanza wanaingia. Hamim akatoka, uso umemkaza.

"Werema, niondolee hilo sanduku la panya hapa."

"Sanduku gani, mura? Hii ni litungu ya baba yangu. Hii inatoa ng'ombe machozi."

"Ng'ombe, ndiyo. Hapa kuna watu. Hiyo sauti nisiisikie kwangu tena."

Werema akalifunga litungu mgongoni, akaondoka bila pesa ya maziwa wala kidumu. Na mtoto Kauthar, aliyekuwa amekaa karibu na miguu ya Werema akimsikiliza, alibaki pale barazani akiuimba ule wimbo kwa kuvuma puani, peke yake.

Kauthar alikuwa wa darasa la kwanza, na huyo alikuwa haishi kuvuma. Akila anavuma, akisuka mdoli anavuma, akienda chooni unamjua alipo. Hakuwa na shabaha na wimbo wowote, ila alikuwa na furaha yake. Jioni hiyo alisogea mpaka kwenye mlango wa chumba, akavuma wimbo wa litungu la Werema akichanganya na fidla aliyoisikia ikipenya siku nyingine, na Hamim alipofungua mlango kumwongezea mgeni maji, ule mvumo ukaingia katikati ya kimya alichokipima siku mbili. Mgeni mmoja akacheka. Alicheka kwa upole, kama watu wanavyocheka wakisikia mtoto. Hamim alijiona kama aliyevuliwa nguo.

Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, akamwambia mwanawe kwa sauti ya chini: "Hiyo sauti yako natamani nisiisikie tena maishani mwangu."

Nyuma yake, ngozi ya kiti cha katikati, ambacho hakikuwa na mgeni, ilitoa mlio mdogo wa mtu anayejiweka sawa.

Asubuhi Kauthar alikuja kwenye chai akafungua mdomo kusalimia, na midomo ikatembea vizuri tu, shikamoo mama, shikamoo baba, na hakuna hata punje ya sauti iliyotoka. Akajishika koo. Akajaribu tena. Akalia, mdomo wazi, machozi yanamwagika, kimya kabisa. Chupa ya chai ilimponyoka Arafa, ikapasuka sakafuni, nayo haikutoa sauti.

Hospitali waliangalia koo, wakaangalia masikio, wakasema mtoto ni mzima, labda ameshtuka. Waliporudi walimkuta Werema getini, litungu mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Hata salamu hakutoa.

"Hamimu, umefanya nini kwa litungu yangu?" Akazipiga nyuzi zote. Zilitikisika mpaka zikaonekana mbilimbili. Ukimya. "Nimeenda harusi ya watu, nimepiga, watu wananitazama tu. Wamesema nimerogwa. Wewe ndiye ulisema haitasikika tena. Ulisema kwa mdomo yako!"

Hamim aliwapita wote, akakimbilia chumbani kwake, akafunga mlango. Akaweka santuri, na wimbo wa kwanza ukaisha salama, na kikaja kile kimya cha kati ya wimbo na wimbo, na ndani ya kimya hicho, kutoka mbali upande wa kushoto, jogoo akawika, kisha ndara zikapita polepole kutoka kushoto kwenda kulia kana kwamba mtu anatembea nyuma ya ukuta, geti likalia, litungu likaunguruma chini kabisa hadi sakafu ikatetemeka, na juu ya hayo yote, katikati kabisa ya spika mbili, karibu mno, karibu kiasi kwamba aliweza kusikia mate mdomoni, mwanawe akaanza kuvuma.

Na hapa ndipo nilipomdharau kabisa. Kabla hajaogopa, alisikiliza ubora. Alifikiri: hakika, sijapata kusikia sauti iliyokaa vizuri namna hii. Ndipo akahisi kiti cha pembeni yake kinatoa joto, ile harufu ya bafta ikamjaa kinywani, na akatoka akitambaa.

Arafa hakumuomba ruhusa. Alikwenda nyuma ya msikiti akamleta Bi Rahima, mwanamke mfupi mwenye meno machache, ambaye bibi yake alitoka Pangani na kazi ya kupunga majini aliirithi huko. Hamim alizoea kumwita mpiga madebe.

"Shikamoo, Bibi," Hamim akasema leo.

"Marahaba. Ndiye huyu?" Bi Rahima akamkagua kama mtu anayekagua nyanya zilizolala. "Ulipiga muziki kwenye chumba kitupu?"

"Nilikuwa nalainisha spika."

"Sijakuuliza habari za spika. Sisi tukipiga ngoma tunajua tunampigia nani. Akija tunamkaribisha, tunamuuliza jina na shida yake, tunampa chake, tunamuaga, anakwenda zake. Wewe umempangia viti, umempigia wiki nzima, hukumwambia karibu wala kwaheri. Amekaa. Ungekuwa wewe ungeondoka?"

Wakaingia chumbani, yeye na Arafa na mtoto na Bi Rahima, mchana kweupe nje, giza zito ndani. Bi Rahima akaamuru kila waya ung'olewe ukutani. Akaweka kaa la moto kwenye chetezo, akanyunyiza ubani.

"Moshi ukiingia kwenye..." Hamim akaanza.

"Hamim!" Arafa akamkatiza. Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu walipopata mtoto.

Bi Rahima akakigeukia kiti cha katikati. "Mgeni, tunakusalimu," akasema kwa upole. "Tusamehe, umekaa bila kukaribishwa. Tuambie jina lako na shida yako."

Moshi ulipanda moja kwa moja, ukafika juu ya kiti, ukagawanyika pande mbili kama unaopita mabega ya mtu. Halafu kutoka kwenye spika zile, ambazo nyaya zake zilikuwa zimelala chini, ikatoka sauti moja ndogo waliyoisikia wote.

Koh!

"Jina langu siwapi," ikasema spika, na ilikuwa sauti ya Kauthar, na Kauthar mwenyewe alikuwa mapajani kwa mama yake, mdomo umefungwa, macho yamemtoka, anajisikiliza. "Na shida sina. Mwenye shida ni huyu. Alitaka kimya, nikamfagilia. Kikohozi alikiita cha mshenzi, nikakichukua. Jogoo hakumtaka, ndara hakuzitaka, litungu alilifukuza. Kuhusu mtoto, alisema asimsikie tena maishani. Sasa nimekosea wapi?"

"Ni mtoto," Arafa akanong'ona. "Mrudishie mtoto."

"Muziki wake mwenyewe nani anautaka? Ananipigia muziki wa makopo! Wafu wa kwenye santuri wanawapulizia wageni waliolewa usingizi, naye anasimama pembeni amejishika kiuno. Mimi nilikaa kwa ajili ya vile anavyotupa. Hivyo vina ladha."

Hata jini, tazameni, lilimdharau.

Bi Rahima akaongeza ubani. "Unataka nini uondoke?"

"Aimbe."

Hamim akarudi nyuma hatua moja.

"Yeye. Kwa koo lake. Mbele yenu, na yule wa maziwa aliyeko nje pia aingie. Hao wengine nitawaachia vyao, hawana deni kwangu. Ila mtoto ni wake, na kwa mtoto, kile atakachonipa ndicho nitakachomrudishia. Akinipa sauti, nampa sauti."

"Ataimba," Arafa akasema.

"Kesho," Hamim akasema, jasho linamtiririka. "Kesho adhuhuri. Koo langu leo limekauka."

Arafa alimgeukia gizani. "Mtoto hana sauti, na wewe unataka kesho?"

"Kesho, nimesema."

Na yule mgeni, kwa sauti ya mwanawe, akacheka kidogo tu.

Sasa nawaambia alichofanya Hamim, na mtu asiniulize aliwezaje. Arafa alimchukua mtoto wakaenda kulala kwa dada yake. Hamim akabaki na kinasa sauti na kompyuta. Alijua wimbo mmoja tu wa kuimba, ule ambao marehemu mzee Saadi alikuwa akimbembelezea mjukuu wake huku anakanyaga cherehani. Akauimba, akausikiliza. Alikuwa bado ni yule yule aliyefukuzwa kasida za madrasa, analia kama mbuzi. Na alichokiona mbele yake kilikuwa uso wa Werema. Hakumwona mwanawe. Alimwona Werema wa Mbalibali, mtu wa vidumu, akiwa amesimama kwenye zulia lake anamsikia akikwaruza, halafu kesho yake anawasimulia wenzake mnadani na kile kicheko chake.

Hakuweza. Akakaa na kompyuta akaunyoosha wimbo neno kwa neno, akapandisha hapa, akashusha pale, akafuta pumzi, akafuta mate, mpaka ikawa sauti ya mwanamume mzuri ambaye hajawahi kuishi. Asubuhi akaenda stendi ya bodaboda, akanunua kimojawapo cha vile vispika vidogo wanavyovifunga kwenye usukani, vile alivyokuwa akivitemea mate, akautia ule wimbo ndani yake, akakifunga kifuani chini ya kanzu.

Adhuhuri wakaingia. Arafa na mtoto, Bi Rahima na chetezo chake, Werema amesimama mlangoni na litungu lake bubu. Hamim akawapa mgongo wote, akakitazama kiti cha katikati, akapitisha mkono ndani ya kanzu akabonyeza. Akafungua mdomo.

Wimbo ukatoka. Ukatoka mzuri, laini, umenyooka, na yeye akawa anachezesha midomo kwenye giza lile lenye nuru ya kaa moja tu, na nyuma yake akamsikia Arafa akianza kulia kwa furaha, na akamsikia Werema akinong'ona, "Mura, kumbe," na moyo wake, badala ya kuona aibu, ukavimba kwa kujisikia, na wakati huo huo kiti cha mbele yake kikaanza kubonyea zaidi, ngozi ikilia polepole kama kuna mtu anainama, anasogeza uso, anausogeza karibu na mdomo wake, halafu anaushusha, taratibu, bila haraka, anaushusha mpaka kifuani, na kuuweka pale pale penye kispika, kama mtu anayesikiliza kwenye ukuta.

Wimbo ukaisha. Hamim akabaki mdomo wazi.

Kicheko kikaanza. Kilianza na sauti ya mtoto ndani ya spika, akaingia jogoo, zikaingia ndara na geti na nyuzi zote za litungu, kikavuma chumba kizima hadi mlango wa mninga ukafunguka wenyewe na mwanga wa mchana ukaingia. Harufu ya bafta ikapita katikati yao, ikatoka, ikaisha.

Nje jogoo akawika! Werema akaligusa litungu, likaunguruma, na mtu mzima yule akakaa chini kwenye zulia akalikumbatia. Arafa alikimbia mpaka uani kwa ajili tu ya kuzisikia ndara zake, akarudi mbio, akapiga magoti mbele ya mwanawe.

"Kauthar, mama. Sema kitu."

"Mama," Kauthar akasema.

Walilia wote. Werema akamshika Hamim mkono kwa mikono yake miwili, akasema amemsamehe, akasema mtu mwenye sauti kama ile asiifiche tena. Bi Rahima alikusanya vitu vyake bila haraka. Alipofika mlangoni akasimama mbele ya Hamim.

"Ulimpa kweli?"

"Si ulisikia mwenyewe, Bibi?"

"Nilisikia," Bi Rahima akasema. "Nilisikia vizuri mno." Akatoka, na chai aliyoandaliwa hakuinywa.

Jioni nyumba ilijaa majirani. Arafa akapika pilau, na Kauthar akawa anaombwa aseme hiki, aseme kile, naye anasema, na watu wanapiga makofi. Hamim alikaa kwenye kona. Hakuna aliyejua kwa nini amekuwa mweupe kama majivu, maana masikio yale yalikuwa yake peke yake. Alisubiri watu wapungue, akamwita mtoto, akamkalisha mbele yake kwenye mkeka.

"Kauthar."

"Abee baba."

Kabla ya abee, kitu kikachwachwa. Kidogo sana. Ni ile sauti ya sindano inapotua kwenye santuri yenye vumbi.

"Kauthar," akaita tena.

"Abee baba."

Ilikuwa abee ile ile. Urefu ule ule, kupanda kwa sauti kule kule, kijipumzi kile kile mwishoni. Na midomo ya mtoto ilijifunga kabla neno halijaisha.

Arafa alikuwa jikoni anaimba kasida huku anaosha masufuria. Hamim aliangalia upande wa jikoni, akajua kwamba kumwambia ni kumwambia yote, kispika na kanzu, mbele ya Werema aliyekuwa bado barazani anajipigia litungu. Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Imba, mwanangu," akamwambia kwa sauti ya chini. "Niimbie ule wa babu."

Mtoto akamtazama kwa macho yake mwenyewe, yaliyojaa hofu, macho ya mtu aliyefungiwa nyuma ya mlango mnene, na midomo ikaanza kutembea. Sauti ilikuwa safi. Ilikuwa imenyooka, haina kosa hata moja, nzuri kuliko chochote alichowahi kukipiga katika chumba chake. Na ulipofika katikati, pale wimbo unaposhuka taratibu mpaka msikilizaji anabana pumzi, nyuma ya sauti ya mwanawe, mbali, viti vya nyuma kabisa, mtu akakohoa.